Viwango vilivyokuja na mashine haviwafai watu tunaowapima. Nianzie wapi kutengeneza vyetu?

Meza_ya_Damu ameuliza:

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuifanya kazi hii kwa mikono yao.

Nasimamia meza ya hematolojia na kemia kwenye maabara ya hospitali. Viwango vya kawaida tunavyochapisha pembeni mwa majibu ndivyo vilivyokuja na mashine, kwenye ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la vitendanishi, yaani kemikali za kupimia. Karatasi haisemi waliopimwa walikuwa akina nani, wana umri gani, wala damu yao ilichukuliwa wakiwa wamekaa au wamelala. Fundi alipokuja kuifunga mashine nilimuuliza. Akanifungulia ukurasa uleule niliokuwa nao mkononi.

Nimeishi na hali hiyo miaka, mpaka alipokuja kijana mmoja wa miaka 24 kupimwa afya kabla ya kuajiriwa. Hana homa, hana vidonda mdomoni, hakumbuki mara ya mwisho kuugua. Chembe nyeupe kwa jumla zilikuwa bilioni 3.4 kwa lita, na ndani yake neutrofili, zile zinazopambana na bakteria, zilikuwa 1.3. Karatasi yetu inataka neutrofili zianzie 2.0. Mashine ikaweka alama ya "chini", nami nikaipitisha kwa sahihi yangu. Akaambiwa arudi baada ya wiki mbili, zikawa 1.4. Akarudi tena, 1.2. Katikati ya hapo alipimwa Ukimwi mara mbili, homa ya ini B na C, wengu ukaangaliwa kwa ultrasaundi, na mwisho akapelekwa kutolewa uboho kwenye mfupa wa nyonga. Uboho ukaonekana mzima. Nafasi ya kazi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

Siku aliyofuata majibu nilikuwa zamu mimi. Alikuwa anatembea akiegemea upande mmoja kwa maumivu. Akaniuliza, "Dada, sasa mimi ni mgonjwa au si mgonjwa?" Nikamwambia aongee na daktari, kwa sababu mimi sikuwa na la kumwambia.

Niliporudi kwenye rekodi nikaona neutrofili za namna ile ninazikuta mara kwa mara kwa watu wazima waliokuja kupimwa tu, hawaumwi kitu. Na himoglobini za wanawake nazo zinaangukia chini ya kikomo kila siku. Nimepeleka hoja kwa mkuu wangu kwamba tutengeneze viwango vyetu wenyewe. Amekubali, ila analiona ni jambo jepesi: tuchukue matokeo yaliyomo kwenye kompyuta, tutafute wastani, tushushe vikomo vyote vinavyotusumbua. Moyo wangu unakataa lakini sina hoja ya kitaalamu ya kumpa. Ninahitaji watu wangapi? Nani anahesabiwa kuwa mzima? Na je, himoglobini ya wanawake nayo tuishushe?

Kipimo_Sahihi amejibu:

Dada, kabla hujaanza kutafuta mamia ya watu, anza na 20. Mwongozo wa CLSI, taasisi inayotunga miongozo ya maabara, unaojulikana kama EP28 unairuhusu maabara kuhakiki viwango ilivyopewa kwa kupima watu 20 wenye afya kutoka jamii inayoihudumia. Wakiangukia nje ya mipaka wawili au pungufu, unavikubali. Wakiwa watatu au wanne, unachukua wengine 20 na kuangalia upya. Wakifika watano kwa mkupuo wa kwanza, viwango hivyo uachane navyo, hapo ndipo kazi kubwa inapoanza.

Sisi tulifanya hivyo kwa kemia yote tulipobadilisha mashine. Sodiamu, albumini, kalisi, vyote vilipita. Si kila kipimo kinahitaji kutengenezewa kiwango kipya, na ukitaka kuvitengeneza vyote kwa pamoja utachoka kabla ya kufika popote. Chagua vile vinavyokuumiza.

Sentrifuji amejibu:

Ninakubaliana na mwenzangu hapo juu kwamba 20 ndiyo pa kuanzia, ila nawaomba muuelewe udhaifu wake. Uhakiki wa watu 20 unakamata viwango vilivyo finyu mno kwa watu wako. Vilivyo vipana mno haukamati. Ukipewa mipaka mipana kama mlango wa ghala, watu wote 20 watapita na utafurahi, huku wagonjwa nao wanapita humohumo. Na hata viwango vikiwa sawasawa kabisa, kwa bahati tu utapata watu watatu au zaidi nje ya mipaka kama mara 7 au 8 katika kila majaribio 100. Kwa hiyo usishtuke ukishindwa mara moja.

Sasa nikujibu wewe, dada. Kazi hii nimeifanya mara mbili. Mara ya kwanza niliiharibu, na nitakueleza nilivyoiharibu kwa sababu ndipo nilipojifunza.

Kwanza nilikosea watu. Nilichukua waliokuwa karibu: wafanyakazi wenzangu na wachangiaji damu wa kila mara. Wachangiaji walionekana chaguo zuri kwa kuwa wameshachujwa magonjwa ya kuambukiza. Nilichosahau ni kwamba kila chupa ya damu ya mililita 450 inaondoka na miligramu 200 hadi 250 za madini ya chuma, na mwili unachukua miezi kuyarudisha. Mtu anayechangia mara tatu kwa mwaka ni mwema na ana nguvu, lakini feritini yake, ile protini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, haiwezi kuwa kipimo cha feritini ya wengine. Wafanyakazi wenzangu nao, nusu walikuwa wametoka zamu ya usiku.

Pili nilikosea damu yenyewe, na hili ndilo linaloniuma. Tulichukua sampuli mbali na maabara. Nikaona niwe mwangalifu, nikazipanga kwenye kasha la barafu, zikasafiri, zikafika zikiwa hazijazungushwa kwenye sentrifuji kwa saa tano. Nilipokokotoa, kikomo cha juu cha potasiamu kikatoka 6.1. Sukari nayo ilikuwa imeshuka kidogo kwa kila mtu. Nikaanza kuandika rasimu kwamba watu wa kwetu wana potasiamu ya juu kuliko vitabu vinavyosema! Nilikuwa nimeiamini kabisa. Mwenzangu mmoja aliyenitangulia kazini ndiye aliyeniuliza swali dogo: "Damu ilikaa kwenye barafu muda gani?"

Baridi inazizuia zile pampu za kwenye utando wa chembe nyekundu zinazoirudisha potasiamu ndani, kwa hiyo inavuja na kujaa kwenye seramu. Seramu haijaharibika kwa macho, haijawa nyekundu, huwezi kuona kitu. Na chembe zinaendelea kuila sukari: kwenye damu isiyotenganishwa iliyoachwa kwenye joto la chumba inashuka kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa, na baridi inapunguza kasi hiyo bila kuizuia kabisa. Nilirudia kwa watu kumi, chupa mbili kila mmoja, moja ikizungushwa ndani ya nusu saa na nyingine ikipita kwenye barafu. Potasiamu ya "watu wa kwetu" ikawa imetoweka. Ilikuwa potasiamu ya kasha langu. Laiti ningeichapisha, mgonjwa mwenye 5.9 ya kweli angeambiwa yuko sawa, na moyo wake ungesimama akiwa na karatasi yangu mkononi.

Ndiyo maana nakuambia, shughulika na mkono na chupa kabla ya hesabu. Mara ya pili tulifanya hivi. Kila mtu alikuja asubuhi kati ya saa moja na saa nne akiwa hajala, akaketi dakika 15 kabla ya kuguswa. Kukaa huko watu wanakudharau, lakini mtu akisimama maji yanatoka kwenye mishipa kuelekea kwenye tishu, na vitu vikubwa kama protini na chembe vinaonekana kupanda hata kwa karibu asilimia 10. Mpira wa kufungia mkono usizidi dakika moja. Hakuna kukunja na kukunjua ngumi, maana misuli inamwaga potasiamu. Chupa ya seramu kwanza, ya kifuniko cha zambarau baadaye, kwa sababu tone la EDTA, ile dawa ya kuzuia damu kuganda iliyomo kwenye chupa ya zambarau, likiingia kwenye seramu linapandisha potasiamu na kushusha kalisi. Na tulimuuliza kila mtu kama siku chache zilizopita amefanya kazi nzito au mazoezi makali, kwa sababu vimeng'enya vya misuli, na hata AST ambayo tumezoea kuiita ya ini, hubaki juu kwa siku kadhaa.

Tulizigawa siku za kupima zikaenea wiki nyingi na kupita kwenye matoleo tofauti ya vitendanishi, ili kiwango kisije kikawa cha boksi moja. Siku ambayo sampuli za udhibiti ubora hazikukaa sawa, hatukupima mtu.

Kisha kuna jambo ambalo sikulifikiria mara ya kwanza. Ukiwachuja watu kwa kuwapima virusi vya Ukimwi na homa ya ini, utawakuta wenye navyo, nao walikuja kwako wakijiita wazima. Tulimpata mama mmoja mwenye homa ya ini B aliyekuja kwa moyo safi kutusaidia. Kabla hujachukua tone la kwanza, kibali cha kamati ya maadili kiwe mkononi, fomu ya ridhaa iseme wazi utapima nini, na awepo mshauri na kliniki ya kumpokea mtu huyo siku hiyohiyo. Anayekupa damu yake ili wengine wasomewe majibu vizuri, asiondoke akiwa amebeba habari nzito peke yake.

Daktari_wa_Zamu amejibu:

Nimesoma habari ya huyo kijana nikasimama kidogo, kwa sababu nimewahi kuandika rufaa ya uboho kwa mtu kama yeye.

Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara, na baadhi ya watu wa Rasi ya Uarabuni, hawana antijeni ya Duffy, alama mojawapo ya makundi ya damu, juu ya chembe nyekundu. Badiliko hilo lipo kwenye sehemu inayowasha jeni ya ACKR1, na lilienea kwa sababu linamkinga mtu na malaria ya vivaksi. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba badiliko hilohilo ndilo linaloambatana na neutrofili chache kwenye damu. Uboho wa watu hawa unatengeneza chembe kama kawaida, na hawaugui maambukizi kuliko wengine. Hesabu yao ya damu ndiyo iko hivyo tangu kuzaliwa. Zamani iliitwa kwa jina lenye neno "upungufu" ndani yake, na siku hizi wataalamu wanaliacha jina hilo kwa kuwa hakuna kilichopungua.

Jambo jema ni kwamba huhitaji sindano ya nyonga kulijua. Benki ya damu wana dawa za kupimia aina mbili za Duffy, ile ya Fya na ile ya Fyb. Chembe zisiposhikana na yoyote kati ya hizo mbili, umepata jibu lako kwa matone machache ya damu. Mpelekee kijana huyo habari hii.

Sasa himoglobini. Hapa nakuomba usimfuate mkuu wako. Swali la neutrofili na swali la himoglobini ya wanawake yanafanana kwenye karatasi tu. Neutrofili za kijana zimeshuka kwa sababu ya alivyozaliwa, na hakuna anachokosa. Himoglobini ya mwanamke wa miaka 28 ikiwa 11.2, mara nyingi kuna anachokosa: madini ya chuma yanayotoka kwa hedhi nzito, kwa mimba zilizokaribiana, au yasiyotosha kwenye mlo. Hajisikii mgonjwa kwa sababu amezoea. Atapanda ngazi akapumzika katikati, akadhani kila mtu hupumzika. Ukimkusanya yeye na wenzake mia wenye hali ileile, ukatafuta asilimia 95 ya katikati, kikomo chako kitatoka 10 na kitu, na kuanzia siku hiyo karatasi ya hospitali itamwambia yeye na binti yake kwamba wako sawa.

Kwa hiyo kwenye himoglobini, uzima usiuchukue kwa maneno ya mtu pekee. Pima feritini ya kila mwanamke utakayemwingiza, na uiondoe damu ya yeyote aliye chini ya mikrogramu 15 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima walio wazima. Pima na CRP, protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe, pamoja nayo, kwa sababu uvimbe mwilini unapandisha feritini na kuuficha upungufu. Waulize kuhusu ujauzito, kunyonyesha na uchangiaji damu. Wavutaji sigara nao waangalie, kwao himoglobini na chembe nyeupe hupanda. Ukishawatoa hao wote ndipo utaona himoglobini ya wanawake wenu ikoje. Nisingeshangaa ikikaribia 12 ileile ya Shirika la Afya Duniani kwa wanawake wasio wajawazito, au 13 kwa wanaume. Ikiwa mnaishi mwinuko mkubwa itakuwa juu zaidi, na hapo ndipo kiwango cha wenyeji kinapokuwa na haki yake, kwa kuwa hewa nyembamba inamlazimisha kila mtu mzima kuongeza chembe nyekundu.

Na kuna vipimo ambavyo usivitengenezee kiwango cha wenyeji kabisa: sukari, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi michache), kolesteroli. Mipaka yake haikutokana na kuhesabu watu walivyo, ilitokana na kuangalia ni wapi madhara yanaanza. Sukari ya asubuhi ya milimoli 7.0 kwa lita ni kisukari hata kama nusu ya mtaa wanayo.

Meza_ya_Damu amejibu:

Asanteni sana, mmenipa hoja niliyokuwa nikiitafuta usiku na mchana. Hilo la kutenganisha tulivyozaliwa na tunachokosa nitampelekea mkuu wangu kama lilivyo.

Nina swali la hesabu. Nilijaribu na ALT, kimeng'enya cha ini, ya watu 60 hivi niliokuwa nao, nikachukua wastani nikatoa na kujumlisha mikengeuko sanifu (kipimo cha matokeo yanavyotawanyika) miwili. Kikomo cha chini kikatoka hasi! Kimeng'enya hasi hakipo. Na mmoja alikuwa na 212, sijui nimtoe au nimwache. Pia sijaelewa hiyo idadi ya watu 120 ninayoisoma kila mahali, inatoka wapi? Mwisho, naweza kutumia matokeo ya kompyuta kama mkuu anavyotaka?

Hesabu_Taratibu amejibu:

Dada, hiyo hasi ni ALT inakuambia kwamba haina umbo la kengele. Watu wengi wamejazana chini, kisha kuna mkia mrefu kuelekea juu. Mkia unauvuta wastani na kuuvimbisha mkengeuko, ndipo ukaangukia chini ya sifuri. Feritini na trigliseridi hufanya hivyo pia. Dawa yake rahisi ni kuachana na wastani kabisa: panga matokeo kutoka dogo hadi kubwa na uhesabu nafasi.

Hapo ndipo 120 inapotoka. Ukiwa na watu 120 waliopangwa foleni, kikomo cha chini cha asilimia 2.5 ni tokeo la mtu wa 3, na kikomo cha juu ni la mtu wa 118. Lakini tokeo la mtu mmoja linaweza kuwa la bahati, kwa hiyo unataka kujua kikomo chenyewe kinayumba kiasi gani. Kwa watu 120, ukitaka uhakika wa asilimia 90, kikomo cha chini kiko mahali fulani kati ya mtu wa 1 na wa 7, na cha juu kati ya wa 114 na wa 120. Ukishuka chini ya idadi hiyo kwa kiasi cha kutosha, foleni haikupi tena mwanya wa kuyapima mayumbo hayo. Wenye watu 39 wanaweza kutaja kikomo, ila wanakitaja wakiwa wamemshika mtu wa mwisho kabisa kila upande. Na 120 ni kwa kila kundi. Kreatinini, asidi ya mkojo, feritini na himoglobini utahitaji wanaume 120 na wanawake 120, baada ya kuwatoa wasiofaa. Waalike zaidi, wengi watapungua kwenye kuchuja.

Huyo wa 212: angalia kwanza kabla ya kukokotoa. Rudi kwenye fomu yake. Alikunywa dawa? Sampuli ilichanganywa? Ukikosa sababu, kipimo cha Dixon kinasema chukua tofauti kati yake na anayemfuata, uigawanye kwa tofauti kati ya mkubwa kabisa na mdogo kabisa. Ikifika theluthi moja au kuzidi, anatoka. Anayemfuata akiwa 58 na mdogo wenu akiwa 8, tofauti ni 154 juu ya 204, anatoka bila ubishi. Andika kwamba umemtoa na kwa nini. Wakitoka wengi kwa njia hiyo, tatizo liko kwenye kuchagua watu, rudi huko.

Matokeo ya kompyuta hayakatazwi. Njia za kuyatenganisha ya wazima na ya wagonjwa ndani ya rundo moja zipo tangu Hoffmann mwaka 1963 na Bhattacharya mwaka 1967, na za sasa zina nguvu zaidi kwa msaada wa programu. Zinahitaji maelfu ya matokeo, na zinadhani kwamba walio wengi ndani ya rundo ni wazima. Kwa sodiamu ya wagonjwa wa nje dhana hiyo inasimama. Kwa himoglobini ya wanawake wenu, kwa maelezo ya daktari hapo juu, haisimami. Kuchukua wastani tu wa rundo zima, kama mkuu anavyosema, ni kuwapima wanaokuja hospitali na kuwaita wazima.

Jambo la mwisho, na hili liwafikie wanaosoma majibu. Kwa jinsi mipaka hii inavyotengenezwa, watu 5 katika kila wazima 100 lazima waangukie nje. Ukimpima mzima mmoja vipimo 20 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kubeba alama ni asilimia 64. Ndiyo sababu mwaka 1969 Ralph Gräsbeck na Nils-Erik Saris wa Finland walipendekeza tuache kusema "viwango vya kawaida" tuseme viwango rejea. Unarejea kwa kundi fulani la watu, waliochukuliwa damu kwa namna fulani. Aliye nje yake hajahukumiwa kitu.

Sentrifuji amejibu:

Naongeza dogo tu. Siku mtakapobadilisha viwango, waandikieni madaktari wiki kadhaa kabla, na kwenye karatasi ya majibu wekeni tarehe vilipoanza. Sisi hatukufanya hivyo. Wagonjwa wenye majibu ya zamani na mapya walionekana wamepona au wameugua ndani ya usiku mmoja, na simu za wodini hazikukatika. Mkibadilisha mashine au njia ya kupimia, rudini tena kwa watu 20.

Meza_ya_Damu amejibu:

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu.

Mkuu wangu amekubali tuanze na hematolojia peke yake, wanaume na wanawake, 160 kila upande ili tukichuja tubaki na 120. Feritini na CRP zimeingia kwenye bajeti. Sukari na kolesteroli tumeziacha zilivyo. Maombi yako kwa kamati ya maadili, na nimemwomba dada wa kliniki ya ushauri nasaha akae nasi siku za kuchukua damu. Nimenunua saa ya mezani ya kuhesabia zile dakika 15, maana najijua nitakavyobanwa na foleni.

Kijana nilimpigia. Hakutaka kuja, akasema amechoka kuchomwa. Nikamweleza ni matone machache ya mkononi, hakuna nyonga. Alikuja na mama yake. Tulipima benki ya damu, Fya hakuna kushikana, Fyb hakuna kushikana, na sampuli za udhibiti zote mbili zilishikana vizuri. Daktari alikaa naye akamweleza kwa utaratibu, kisha tukaandika kadi mimi na daktari, tukaigonga mhuri. Inasema hana antijeni ya Duffy, na kwamba akiwa mzima neutrofili zake huwa kati ya 1.2 na 1.4. Mama yake aliisoma mara mbili, akauliza kama ndugu zake wengine nao waje. Nimewapangia Alhamisi.